Gari Linalozima Mtoni

Jumatatu, 6 Mei

Gari limezima tena. Katikati ya mto, mbele ya watu wote. Si pembeni, si karibu na kufika. Katikati kabisa, pale ambapo hata anayetazama kwa jicho moja anakuona vizuri.

Niandike mambo kwa mpangilio, maana kichwa kinachemka. Daraja lilichukuliwa na mafuriko. Tangu hapo watu wanavukia chini kidogo, penye changarawe, ambapo maji hufika magotini siku nzuri na mapajani siku mbaya. Mimi, kwa akili zangu, nikaona riziki. Nikafunga duka langu la vioo kwa muda, nikauza mashine ya kukatia fremu, nikanunua gari la kupanda milima. Kuukuu kidogo, la petroli, magurudumu yote manne yanavuta. Nilikusudia kuvusha mji mzima. Mpaka leo niliyemvusha salama ni mbuzi mmoja, na yeye aliruka njiani akamalizia kwa kuogelea.

Leo nilikuwa na abiria wa maana: mwalimu mkuu wa shule na mke wake, wamevaa nguo za kwendea harusini. Niliingia kwa kishindo. Maji yakapaa pande zote mbili kama mabawa. Watu ukingoni wakashangilia, nikawapungia mkono. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Mwalimu mkuu akavua viatu, akashuka majini. Mke wake alinitazama, na mtazamo ule bado ninao.

Na aliyenivuta ni nani? Mwanyumba wangu! Mume wa mdogo wake mke wangu. Yeye ana gari la dizeli, refu, lenye bomba la kuvutia hewa lililosimama kando ya kioo mpaka juu ya paa. Huingia mtoni taratibu kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Hutokea upande wa pili hajalowesha hata vitasa vya milango. Akafunga kamba yake ya buluu kwenye gari langu, akasema, "Pole, kaka." Basi. Hilo tu. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Anayekupa pole utamjibu nini?

Nyumbani nikakuta mazungumzo. Mama mkwe, anayekaa ng'ambo ya mto, amepata nafasi ya kupasuliwa jicho Ijumaa hii. Mtoto wa jicho. Daktari wa kazi hiyo hupita hospitali ya huku kwetu kwa nadra. Akimkosa Ijumaa, angoje mpaka mwakani. Na jicho lake la pili lilishakwenda zamani. Mke wangu akasema mwanyumba ameshajitolea kumleta. Nikasikia damu inapanda. Nikasimama, kijiko mkononi, nikatangaza kwamba yeye ndiye binti mkubwa, kwa hiyo mkwe mkubwa ni mimi, na mama atavushwa na mimi. Mke wangu akaendelea kukunja nguo. Nikamuuliza kama amesikia. Akasema amesikia, na mto nao umesikia.

Nina mpaka Ijumaa kujua gari linaumwa nini.

Jumanne, 7 Mei

Nimeamka na jibu. Petroli! Yule muuza petroli anachanganya maji. Sasa gari lina maji ndani, likikutana na maji ya nje, yanaitana. Nilipomweleza mke wangu aliacha kusuka. (Ana saluni kwenye chumba chetu cha mbele.) Akauliza mbona gari linakwenda sokoni na kurudi, linapanda mlima wa shule na kushuka, halizimi ila likiwa majini tu. Au petroli yangu inaona aibu kuoga mbele za watu? Mteja wake akacheka mpaka akashika kichwa, nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Nikatoka.

Kituo cha mafuta. Nilipanga kuzungumza kwa staha. Nikajikuta nazungumza na foleni nzima, nimepanda juu ya kreti la soda. Muuza petroli hakubishana. Akachota kidogo kwenye chupa ya kioo, akaiweka juani, akaniomba nimwonyeshe hayo maji. Petroli ilikuwa safi kama machozi. Nikasema kuna maji mengine hayaonekani. Foleni ikaanza kupiga honi. Kisha akanipiga marufuku kituoni kwake, kwa sauti ya chini kabisa, huku akifunga kifuniko cha chupa.

Kituo kingine kiko mji wa pili. Kufika huko kunakula nusu ya petroli ninayoifuata. Hesabu hii sipendi kuifikiria.

Alasiri nikajaribu mtoni na petroli mpya. Nilikwenda mbio zaidi ya jana ili nisikae majini muda mrefu. Hiyo ni sayansi: ukikaa kidogo majini, unalowa kidogo. Limezima. Mwanyumba alikuwa anarudi kutoka kazini. Kamba. Pole, kaka.

Sikuweza kutulia tena. Nimezunguka meza mpaka mke wangu akaisogeza ukutani.

Jumatano, 8 Mei

Leo fundi. Nilikuwa nimemkwepa kwa sababu ni mtu wa "inategemea". Ukimuuliza kama mvua itanyesha, inategemea. Ukimuuliza kama ameoa, inategemea. Alifungua boneti, akachungulia, akatafuna njiti ya meno. Akasema yawezekana ni maji. Nikamwambia hata mimi najua ni maji. Akasema maji yakipanda juu, feni inayapiga na kuyarusha nyuma, yanalowesha nyaya za plagi na distribyuta, kile kikombe kinachogawia plagi umeme. Umeme ukipotea, moto hauwaki, injini inazima. Vikikauka, inawaka tena. Kwa hiyo, akasema, ni kufunika pale, na pia... Hapo akaendelea na jambo fulani kuhusu mwendo, lakini nilikuwa nimeshafika barabarani. Mimi nusu ya maelezo hunitosha.

Kufunika! Na nani ana vifuniko kuliko mke wangu? Alikuwa amekwenda kununua nyuzi za kusukia. Nikachukua kofia za plastiki anazowavisha wateja wenye dawa kichwani. Nikachukua glavu zake za kupakia rangi. Nikachukua kopo la mafuta ya nywele. Distribyuta ikavaa glavu: nyaya nne za plagi na ule mmoja wa kati, kila mmoja ukitokea kwenye kidole chake. Vidole vitano, nyaya tano, kana kwamba mwenye kiwanda cha glavu alinifikiria. Plagi nikazipaka mafuta ya nywele yenye harufu ya nazi. Kofia zilizobaki nikavisha kila kitu chenye umbo la kichwa.

Gari likawaka, likafika getini, likazima. Nchi kavu! Kwenye ua wangu mwenyewe! Nilihangaika mchana wote ndipo nikagundua kwamba kofia moja nilikuwa nimeuvisha mdomo wa kichujio cha hewa. Injini ilikuwa inapumulia mfukoni. Nikaivua, likanguruma vizuri, na jirani aliyekuwa akinitazama kupitia ukuta akaingia ndani kwake akiwa amekata tamaa.

Mtoni watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Nadhani sasa wanakuja makusudi. Sikutaka kuwaangusha. Nikakanyaga mafuta mpaka chini. Maji yakapanda juu ya boneti, yakafunika kioo, yakaniingilia dirishani. Nilifika mbali kuliko siku zote. Mbali kidogo. Kisha likazima. Nilipofungua boneti, ile glavu ilikuwa imejaa maji, imevimba, vidole vyote vitano vimesimama kama mtu anayeaga. Wanawake waliokuwa wakifua wakaipungia.

Kamba. Pole, kaka.

Nyumbani nilimkuta mke wangu na mteja mwenye dawa kichwani na hakuna kofia ya kumvisha. Aliniuliza swali moja tu. Nimekula jikoni peke yangu, na mikono yangu inanukia nazi.

Alhamisi, 9 Mei

Kesho ndiyo siku.

Asubuhi dereva mmoja wa lori alikuja kununua kioo akakuta duka limefungwa. Badala ya kununua akanipa siri. Ukivua mkanda wa feni kabla ya kuingia majini, feni haizunguki, haina cha kurusha. Nikamshukuru kwa mikono miwili, nikauvua hapo hapo. Nyumbani. Njia ya kwenda mtoni ina mlima mrefu. Bila feni injini ilichemka kabla sijafika kileleni. Mvuke ukatoka kwa mluzi, nami nikakaa juu ya jiwe nikingoja ipoe, mkanda unaning'inia mkononi kama nyoka niliyemuua. Dereva wa lori akapita, akaniona, akapiga honi kwa furaha. Sijui furaha ya nini.

Nikiwa juu ya jiwe lile nikapata wazo kubwa zaidi. Kuzima si aibu. Magari yote huzima. Aibu yangu ni kamba! Bila kamba ya mwanyumba hakuna kuvutwa, na nisipovutwa, nani atasema nilivutwa? Injini ilipopoa nikaenda kwake moja kwa moja. Nikamwomba niazime kamba, eti nafunga mzigo wa magodoro. Akanipa bila swali. Akauliza hata kama nahitaji msaada wa kupakia. Mtu wa namna hii utafanya naye nini?

Kisha nikampigia simu mama mkwe. Baada ya shikamoo na habari za kuku, nikamdokeza kwa heshima kwamba magari ya dizeli hutoa moshi, na moshi haupatani na jicho linalongoja daktari. Akanishukuru sana. Akasema basi atajifunika mtandio usoni. Nikasema moshi ule hupenya mtandio. Akasema amepikia kuni tangu utoto wake, moshi na yeye wanajuana. Nikaaga.

Alasiri, mkanda umerudi mahali pake, nikaenda kufanya jaribio la mwisho. Niliingia kwa mwendo wa kupaa. Limezima. Nikakaa. Hapo ndipo nilipoona kasoro ndogo kwenye mpango wangu: kamba ninayo mimi, ndani ya gari, katikati ya mto, na hakuna mwingine mwenye kamba. Maji yakawa yanaingia mlango huu na kutokea ule, kama wageni wa kupita. Wanawake wakamaliza kufua, wakaanika, wakaanua, wakakunja, wakaenda zao. Mmoja aliniuliza kama nimehamia pale.

Mwanyumba alikuja jua likiwa limeshuka. Alikuwa anakwenda kulala kwa mama mkwe ili asubuhi wasichelewe. Akasimamisha gari kando yangu, akashusha kioo. Nikaitoa kamba dirishani mwenyewe, bila kuambiwa. Akaipokea. Akachungulia ndani ya gari langu, akauliza magodoro yako wapi. Nikasema yameshafika. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanivuta mpaka ng'ambo.

Kwa hiyo naandika haya nikiwa kwenye benchi la mama mkwe, suruali imelowa. Mwanyumba amejitolea kumpasulia kuni. Nalisikia shoka. Hata shoka lake halina haraka.

Ijumaa, 10 Mei

Leo lazima niandike yote.

Asubuhi, magari mawili mlangoni. Mama mkwe akatoka amevaa nguo zake nzuri, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Sikuwa nimemwona akitembea kwa muda mrefu. Anatembea mchana kweupe kama mtu anayevuka chumba chenye giza. Mwanyumba akamfungulia mlango wa gari lake, akamshika kiwiko. Mama akainua mguu, ukakosa ngazi. Akainua tena, ukakosa tena. Gari lile ni refu, na magoti yake si ya jana. Akashusha mguu, akapumua, akauliza la mkwe mkubwa liko wapi.

Langu ni fupi! Aliingia mara moja! Nikamgeukia mwanyumba nione atakavyolipokea pigo. Alikuwa ameshainama ndani ya gari langu anamwekea mama mto mgongoni. Hata kushindwa hajui.

Kabla sijawasha, mama akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu," akasema, "nasikia wewe huendesha kama unayefukuzwa. Leo ukikimbia, nitafungua huu mlango nishuke, hata kama ni majini."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Na kitasa alikuwa ameshakishika.

Basi nikatia gia ya kwanza, ile nzito ya milimani. Mguu mbali na klachi, mafuta kidogo tu. Kobe angetupita, akatusalimia, akatungoja ng'ambo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na maji yalikuwa yamepanda. Magurudumu ya mbele yakaingia. Wimbi dogo likatangulia mbele ya gari kama mkeka unaosukumwa, na kati ya wimbi lile na rejeta pakabaki kama shimo, maji yake yako chini. Sijawahi kuliona jambo hilo siku zote hizi. Sijui kwa nini.

Katikati, pale pale pangu, mama akauliza, "Maji yamefika wapi?"

Yalikuwa yanaingia chini ya mlango. Viatu vyake vilikuwa vikavu kwa sababu tu alikuwa amekunja miguu. Nikaangalia mkono wake kwenye kitasa.

"Chini kabisa, mama. Hayajafika hata nusu ya gurudumu."

Kisha akanieleza kwamba zamani, alipokuwa akivuka hapa kwa miguu na mke wangu mgongoni, alipenda kuwatazama samaki wadogo wanavyotawanyika akikanyaga. Akauliza kama bado wapo. Nikachungulia. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, hata kidole chako usingekiona.

"Wapo," nikasema.

"Wengi?"

"Wengi, mama. Wanatupisha njia."

Akacheka peke yake. Mkono ukaachia kitasa, ukaja kunishika mkono wangu juu ya usukani. Ulikuwa wa baridi. Ndipo nikajua kwamba alikuwa anaogopa, si mto, bali huko tunakokwenda. Nami nikaomba. Sikuomba kumshinda mtu wala watu waone. Niliomba tu lile dude lisizime.

Halikuzima.

Lilipanda ukingo, maji yakichuruzika kila tundu, likaendelea kunguruma. Hakuna aliyeshangilia. Watu wote walikuwa wakimtazama mama. Nyuma yangu mwanyumba alikuja taratibu, kamba iko tayari nje ya dirisha. Hakuhitajika! Nikampungia mpaka bega likauma.

Daktari tulimkuta. Mama ameingia, ametoka, amefungwa bandeji, yuko kwetu amelala chumba cha watoto. Mke wangu amenitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu nilete gari hili nyumbani. Nimekula sebuleni.

Jumamosi, 11 Mei

Kwa nini halikuzima? Sijakaa chini tangu nilipoamka.

Mke wangu anasema ni kwa sababu nilikwenda polepole. Nikamuuliza fundi. Akasema inategemea, lakini hasa ni mwendo: ukikimbia, maji yanapanda juu ya injini, ukienda polepole, yanabaki chini. Nikamuuliza hata mwanyumba, kwa kuzunguka, kana kwamba namuulizia rafiki. Akafikiri, akasema nimwambie huyo rafiki asikimbie.

Watu watatu wanasema neno moja. Hapo ndipo nikajua wamekutana mahali.

Nimefanya utafiti wangu mwenyewe. Siku zote gari lilipozima, kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, au amekikalia mtu mwembamba. (Mwalimu mkuu ni kama ufito.) Siku ambayo halikuzima, alikaa mama mkwe. Mama mkwe si ufito. Uzito! Gari linalalia kushoto, injini inainama, distribyuta iliyo upande wa kulia inanyanyuka juu ya maji. Nimechora. Mchoro unapendeza sana, nimeuwekea kioo.

Shida moja: uzito wenyewe. Huwezi kumuuliza mama mkwe ana kilo ngapi. Nikaenda kwa mwenye mashine ya kusaga, nikawa nabeba magunia yake moja moja, nayajaribu kwenye kiti changu nikitazama kinavyobonyea. Akauliza natafuta gunia la uzito gani. Nikasema la uzito wa mama mkwe. Mke wake alikuwa mlangoni.

Habari ilinitangulia nyumbani. Mama mkwe, bandeji jichoni, akanipokea kwa kuuliza kama gunia lake limepatikana. Nikasema nilikuwa natafuta viazi.

Jumapili, 12 Mei

Nimeshinda nikijaza mchanga kwenye gunia, namwaga, najaza tena. Uzito lazima uwe sawasawa. Mke wangu amenikataza kukaribia kitanda cha mama nikiwa na koleo.

Mwanyumba alipita kumjulia mama hali. Akaniambia ana kipande cha bomba kilichobaki alipotengeneza la kwake, na kama napenda atanifungia nami lipande mpaka paani. Bure. Nikakataa. Naona anakotaka kufika: gari langu lifanane na lake, ili siku zote waseme nimemuiga. Akasema sawa, kaka, bomba lipo tu. Akaliacha nyuma ya nyumba. Nimelifunikia turubai nisilione.

Mama akamsimulia mke wangu habari za samaki. Jinsi walivyokuwa wengi, jinsi walivyotupisha. Mke wangu akageuka akanitazama. Baadaye jikoni akasema maji ya Ijumaa yalikuwa tope tupu, hata yeye aliyaona mguuni mwa suruali yangu. Nikasema kuna samaki wanaoonekana kwenye tope. Akaniongezea chakula.

Jumanne, 14 Mei

Naandika nikiwa ng'ambo, uani kwa mama mkwe. Niandike haraka, kuna jambo zito.

Jana walimfungua bandeji. Mama anaona! Alianza na mke wangu. Akamshika mashavu, akamgeuza huku na huku mwangani, akamwambia amekuwa mtu mzima kabisa, mvi hizi zimetoka lini. Wakalia wote wawili, mwanyumba naye akatoka nje kusafisha pua. Kisha mama akanigeukia mimi. Mara ya mwisho kuniona vizuri nilikuwa bado na nywele. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ndiwe wewe." Sijaelewa maana yake. Mke wangu anasema nisilichunguze.

Leo ilikuwa kumrudisha kwake. Sasa anaiona ngazi. Akapanda mwenyewe kwenye gari la mwanyumba, akisema anataka kukaa juu atazame nchi. Sikuumia. Nilifurahi hata, kwa sababu kiti changu cha kushoto kilikuwa na mwenyewe. Nikaliweka gunia, nikalifunga mkanda. Mke wangu akakataa kupanda na gunia, akaenda na mama yake. Na kwa kuwa uzito ndio uliokuwa dawa, suala la mwendo lilikuwa limekwisha. Nikangoja wavuke, washuke, wageuke.

Nikaingia. Sijawahi kuingia hivyo maishani. Maji yalipaa mpaka nikaona upinde wa mvua ndani yake. Gunia likanilalia begani kama mtu aliyesinzia. Injini ikakohoa, na kabla haijamaliza kukohoa ikanyamaza. Pakawa kimya, mto unapita zake.

Mwanyumba akaja na kamba. Alichosema sikiandiki.

Nilipofika ng'ambo nikakuta mama amekaa kwenye jiwe, jicho linang'aa, ananitazama nikikamua suruali. Akaniita karibu. Akazungumza kwa huruma kubwa, kama anavyozungumza na watoto wakiwa na homa.

"Mwanangu, mbona uliingia mbio namna ile? Siku ile tulikwenda polepole, tukafika. Leo nimekuona mwenyewe, ulikuja kama unayefukuzwa."

Maskini mama. Ameona mbio!

Nimezunguka ua huu tangu wakati ule, kuku wamechoka kunipisha. Nimelipima jambo kila upande na jibu ni moja. Daktari hakumaliza kazi. Jicho limefunguka, ndiyo, lakini linaona vitu ambavyo havipo. Nilimdokeza mke wangu. Akakaa chini, akaficha uso kwenye mikono, mabega yanatikisika. Amehuzunika sana. Sikutaka kumwongezea.

Lakini si wakati wa kulia. Nimesikia daktari amebaki hospitali kukagua aliowapasua, kesho anaondoka. Mwanyumba nimemwambia asijisumbue, huyu mgonjwa ni wangu. Asubuhi na mapema namvusha mwenyewe: yeye kiti cha kushoto, gunia miguuni pake, na mafuta nikanyage mpaka chini, tusije tukachelewa.